Utakatifu wa Wimbo Unakaa Wapi

Albamu iitwayo There Will Be a Light ilitoka mwaka 2004 ikiwa na majina mawili kwenye jalada. La kwanza ni la Ben Harper, mwimbaji na mpiga gitaa wa California, mtu wa souli, bluzi na roki, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 35. La pili ni la Blind Boys of Alabama, waimbaji wa injili wasioona waliokuwa jukwaani tangu miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ambao viongozi wao walikuwa wakikaribia umri wa miaka 75. Mwaka uliofuata albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy katika fungu la injili ya kijadi, sifa zikamiminika, na mambo yakaonekana yamekwisha. Hata hivyo, ndani yake limo swali ambalo makanisa ya Wamarekani weusi yameligombania kwa karibu karne nzima, na ambalo dini nyingine zimeligombania kwa muda mrefu zaidi: mtu aliyeweka nadhiri ya kumwimbia Mungu peke yake anapokaa studio moja na mwanamuziki wa kidunia, wimbo unaotoka humo ni wa nani?

Waimbaji hao wazee walikutana utotoni katika shule ya watoto weusi wasioona iliyokuwa Talladega, jimbo la Alabama. Kundi linauhesabu mwaka 1939 kuwa mwaka wa kuzaliwa kwake. Alabama ya siku zile iliwatenganisha watu kwa rangi hata katika shule za wasioweza kuona rangi, na kijana mweusi asiyeona aliyemaliza masomo hapo alikuwa na njia chache mno za kujipatia riziki. Clarence Fountain, George Scott, Jimmy Carter (asichanganywe na rais wa zamani wa Marekani mwenye jina hilo) na wenzao waliona njia yao katika kuimba. Walianza kwa jina la Happy Land Jubilee Singers, na mwezi Juni 1944 waliimba katika kituo cha redio cha WSGN mjini Birmingham. Mwaka 1948, mjini Newark, mwandaaji wa maonyesho aliwapambanisha na kundi jingine la waimbaji wasioona kutoka Mississippi, akatangaza onyesho hilo kama vita vya vijana wasioona. Watu walijaa, na jina likawaganda. Anayedhani biashara iliingia katika injili juzi tu na aitazame vizuri tarehe hiyo.

Katika miaka ya 1950 kundi lilirekodi kwa kampuni ya Specialty ya Los Angeles, kampuni ile ile iliyokuwa na Soul Stirrers, kundi la injili ambalo mwimbaji wake kijana, Sam Cooke, aliwafanya wasichana wapige mayowe makanisani. Mwaka 1957 Cooke alivuka. Alitoa You Send Me, wimbo wa mapenzi, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Fountain alieleza mara nyingi kwamba naye alipewa nafasi ya kuvuka wakati huo huo, akakataa kwa sababu alikuwa amemwahidi Mungu. Kukataa huko kulikuwa na bei. Cooke alitajirika haraka. Blind Boys waliendelea kusafiri kwa gari kutoka kanisa hadi kanisa, na kutoka ukumbi wa shule hadi ukumbi wa shule, katika nchi ambayo hoteli na mikahawa mingi haikuwapokea. Cooke alipouawa kwa risasi mwezi Desemba 1964, wapo waumini waliokisoma kifo chake kama hukumu. Fikra hiyo ni ya kikatili, lakini inaonyesha jinsi mpaka baina ya muziki wa Mungu na muziki wa dunia ulivyochukuliwa kwa uzito.

Mpaka wenyewe ulikuwa wa ajabu, kwa sababu kimuziki haukuwepo. Mtu anayeitwa baba wa nyimbo za injili, Thomas A. Dorsey, alikuwa kwanza mpiga piano wa bluzi. Kwa jina la Georgia Tom alimpigia mwimbaji wa bluzi Ma Rainey, na mwaka 1928 alishiriki kurekodi wimbo wa matani ya chumbani uliouzwa kwa wingi. Mwaka 1932 mke wake, Nettie, alifariki akijifungua, na mtoto akamfuata mamaye baada ya muda mfupi. Katika msiba huo Dorsey alitunga Take My Hand, Precious Lord, wimbo ambao leo huimbwa mazikoni katika mabara yote. Vidole vilivyoutunga ni vile vile vya Georgia Tom, na makanisa kadhaa ya Chicago yalizikataa nyimbo zake mwanzoni kwa kuwa yalisikia bluzi ndani yake. Hayakukosea, bluzi ilikuwemo. Mahalia Jackson, aliyezisambaza nyimbo za Dorsey kuliko mtu mwingine yeyote, aligoma maisha yake yote kuimba bluzi na kuimba katika vilabu vya usiku, ilhali alipokuwa mtoto New Orleans alijifunza kuimba kwa kusikiliza santuri za Bessie Smith. Dada Rosetta Tharpe naye, mtoto wa kanisa la Kipentekoste, aliingia na gitaa lake katika klabu ya Cotton Club mwaka 1938 na kuwaudhi waumini wengi waliokuwa wakimpenda.

Mwaka 1954 Ray Charles aliugeuza mchezo. Alichukua wimbo wa injili uliotolewa mwaka huo huo na kundi la Southern Tones, akamwondoa Yesu, akamweka mwanamke. Namna ya kuimba ilibaki ya injili. Wengi huhesabu kwamba muziki wa souli ulizaliwa hapo. Kwa maana hiyo souli na injili si majirani waliokutana barabarani. Ni ndugu wa nyumba moja waliogombana, na ugomvi wao haukuwa juu ya sauti, ulikuwa juu ya nani anaimbiwa. Ben Harper alipokwenda kwa wazee wa Alabama hakuleta kitu kigeni; alirudisha nyumbani kilichotoka nyumbani. Ndiyo maana swali la utakatifu haliwezi kumalizwa kwa kupima mapigo ya ngoma.

Mahali pa kwanza ambapo watu huutafuta utakatifu wa wimbo ni kwenye mahadhi. Hoja husema kwamba yapo mahadhi ya ibada na mahadhi ya ulevi, na kwamba sikio la mcha Mungu huyatambua. Historia haiungi mkono hoja hiyo. Wimbo wa mateso ya Kristo ambao J. S. Bach anaurudia mara kadhaa katika Mateso ya Mathayo, kazi ya mwaka 1727 inayohesabiwa miongoni mwa vilele vya muziki wa Kikristo, una mahadhi aliyoyatunga Hans Leo Hassler mwaka 1601 kwa wimbo wa kijana aliyevurugwa akili na msichana. Karne nzima ilipita, wapenzi wa Hassler wakasahaulika, mahadhi yakabaki msalabani.

Blind Boys walifanya jambo linalofanana na hilo, ila kwa makusudi ya wazi zaidi. Katika albamu yao Spirit of the Century ya mwaka 2001 waliimba Amazing Grace kwa mahadhi ya The House of the Rising Sun, wimbo wa kale uliopata umaarufu duniani mwaka 1964 kwa sauti za kundi la Kiingereza la The Animals. Wimbo huo unahusu nyumba ya maangamizi mjini New Orleans, ambayo wengine huielewa kuwa danguro na wengine nyumba ya kamari. Kwa vyovyote, ni mahali ambapo vijana waliingia wakiwa wazima na kutoka wakiwa wameharibika. Maneno yaliingia katika mahadhi hayo bila kulazimishwa kwa sababu mizani inalingana. Mtu wa pwani aliyekulia katika tenzi na mashairi hawezi kushangaa: anajua kwamba shairi moja hupokea mahadhi zaidi ya moja, na kwamba mwimbaji hodari huchagua.

Wapo waliochukizwa, wakidai kwamba Amazing Grace ina mahadhi yake halali. Lakini John Newton, nahodha wa zamani wa meli za watumwa aliyekuja kuwa kasisi, aliyachapisha maneno yake mwaka 1779 bila mahadhi yoyote. Mahadhi yanayojulikana leo yaliunganishwa na maneno hayo Marekani mwaka 1835, miongo kadhaa baada ya Newton kuzikwa. Kinachoitwa halali ni mazoea tu.

Hata hivyo si kweli kwamba mahadhi hayana maana. Kama yangekuwa chombo kitupu, wazee hao wasingekuwa na sababu ya kuyabadilisha. Msikilizaji anayeujua wimbo wa ile nyumba ya New Orleans husikia maneno ya rehema juu ya mahadhi ya upotevu, na rehema inapata uzito ambao mahadhi ya kawaida, yaliyolainishwa na sherehe nyingi za kiserikali, yameupoteza. Aliyeokolewa anaonyeshwa pamoja na shimo alilotolewa. Kisha ifikiriwe ni nani wanaoimba: Wamarekani weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa, wasioona, wakiimba maneno ya nahodha wa watumwa kuhusu kipofu aliyepata kuona. Hakuna mpangaji wa muziki anayeweza kutengeneza jambo kama hilo kwa akili tu. Mahadhi yana kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo inaweza kutumikishwa.

Mahali pa pili ni ala, na hapo mjadala ni mfupi. Gitaa limewahi kuitwa chombo cha shetani, ngoma pia, na kinanda chenyewe kilikuwa na maadui katika kanisa la kale. Harper hupiga gitaa la Weissenborn, linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mtindo huo ulitoka Hawaii. Kutoka huko huko ilitokea ala ya jamii hiyo iliyopokelewa katika kanisa la House of God miaka ya 1930 na kufanywa sauti kuu ya ibada mahali pa kinanda. Kijana mwingine aliyefanya kazi na Blind Boys, Robert Randolph, alikulia katika kanisa hilo. Ala ile ile ilipigwa pia katika muziki wa kantri, kwenye nyimbo za pombe na talaka.

Maneno yana nguvu zaidi kuliko ala na mahadhi, na watu wengi wangeishia hapo. Lakini albamu ya Higher Ground ya mwaka 2002, ambayo Blind Boys waliifanya pamoja na Randolph na ambamo Harper pia alishiriki, inaitia hoja hiyo katika mtihani. Wazee waliimba nyimbo za Stevie Wonder, Prince, Jimmy Cliff na Curtis Mayfield. Walichukua wimbo wa Funkadelic, kundi ambalo hakuna aliyewahi kulishuku kwa ucha Mungu, wakauunganisha na Zaburi ya 23. Waliimba pia I Shall Not Walk Alone, wimbo ambao Harper mwenyewe alikuwa ameutoa mwaka 1997. Wimbo huo wa Harper unafaa kutazamwa kwa utulivu. Katika albamu yake ni wimbo wa kijana anayetafuta: haya hapa maombi, na haijulikani vizuri yanaelekezwa wapi. Katika vinywa vya Blind Boys ni ushuhuda wa watu waliofika. Tofauti iko mahali pengine, kwani maneno ni yale yale.

Kinyume chake kipo pia. Katika There Will Be a Light kuna kipande kiitwacho 11th Commandment ambacho hakina neno hata moja. Ni gitaa la Harper tu. Kwa wenye kutoa Grammy kipande hicho kilikuwa muziki wa pop, na ndivyo walivyokitunuku. Katika albamu kinasikika kama sala, kwa sababu kimekaa katikati ya nyimbo za sala. Basi ikiwa maneno yale yale yanaweza kubadilika maana, na ikiwa kipande kisicho na maneno kinaweza kuwa sala, maneno nayo hayatoshi kuwa makao ya utakatifu.

Unabaki moyo. Jibu hili lina wazee wa heshima. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliandikia jambo hili kitabu kizima ndani ya kazi yake kubwa, Ihya, na rai yake ni kwamba muziki hauingizi moyoni kitu ambacho hakikuwemo, unakitikisa kilichomo. Mwenye kumpenda Mungu atazidi kumpenda, na mwenye tamaa, tamaa yake itazidi. Kwa mtazamo huo wimbo mmoja unaweza kuwa halali kwa msikilizaji mmoja na haramu kwa aliyekaa ubavuni mwake, na hakuna sheria ya mahadhi itakayowafaa wote wawili. Mtakatifu Augustino, karne saba kabla yake, alikuwa na wasiwasi zaidi. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo anakiri kwamba wakati mwingine alitamani zaburi zisiimbwe kabisa kanisani, au zisomwe kwa namna aliyoisikia kuhusu Athanasio wa Aleksandria, ambaye wasomaji wake walikaribia kuzungumza tu. Kisha anakumbuka machozi aliyoyatoa aliposikia nyimbo siku za mwanzo za kuongoka kwake, anarudi nyuma, anakubali nyimbo zina faida. Mwishoni anasema kwamba kila mara sauti inapomgusa kuliko kinachoimbwa, anajiona ametenda dhambi. Wachache miongoni mwa wanaosikiliza Blind Boys na Harper wangejiona wametenda dhambi kwa kufurahia sauti, na huenda hilo ndilo ambalo Augustino angelishangaa zaidi.

Lakini Ghazali na Augustino wanazungumzia hasa moyo wa msikilizaji. Moyo wa mwimbaji ni kesi nyingine, na Augustino huyo huyo aliishughulikia kwa njia ya pembeni. Katika Afrika Kaskazini ya zama zake, Wadonato walishikilia kwamba sakramenti inayotolewa na kasisi aliyeisaliti imani haifai kitu. Augustino aliwapinga: sakramenti ni ya Kristo, na uchafu wa mikono inayoitoa hauichafui. Ukiuhamishia msimamo huo kwenye muziki, utasema kwamba wimbo wa kweli unabaki wa kweli hata ukiimbwa na mlevi. Kuna faraja katika wazo hilo, na bila shaka watu wengi wameguswa rohoni na waimbaji ambao maisha yao hayakuwa mfano.

Kanisa la Wamarekani weusi, hata hivyo, halijasikiliza namna hiyo. Masikio yake yamekuwa ya Kidonato. Wimbo wa injili katika mapokeo hayo hupokewa kama ushuhuda: mwimbaji anaulizwa, hata kama ni kimyakimya, amepita wapi na amemwona Mungu akifanya nini. Shahidi asiyekuwepo kwenye tukio hatoi ushahidi, na sauti nzuri haimsaidii. Ndiyo sababu kuvuka kwa Cooke kulionekana kama kufuta ushahidi wote aliokwisha kuutoa. Ndiyo sababu pia Aretha Franklin, aliporekodi albamu ya Amazing Grace mwaka 1972, alikwenda kanisani, New Temple Missionary Baptist Church mjini Los Angeles, mbele ya waumini, mwanamuziki wa injili James Cleveland akiwa kwenye piano, na baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, akasimama kuwathibitishia watu kwamba binti yake hakuwahi kuliacha kanisa. Sauti yake haikuhitaji mtetezi. Maisha yake ndiyo yaliyohitaji mtu wa kuyadhamini, na mdhamini alikuwa mzee.

Hapa ndipo ushirikiano wa mwaka 2004 unapoeleweka. Harper hakuja kama mchungaji wala mwana kwaya. Alikulia Claremont, California, katika duka la ala za muziki la babu na bibi yake, ambamo muziki wa kila taifa ulining'inia ukutani, naye alijulikana kwa nyimbo za mapenzi, za haki za wanyonge na za kujiuliza. Sehemu kubwa ya nyimbo za albamu aliandika yeye. Ungetarajia kwamba jina kubwa sokoni lingewafanya wazee waitikiaji wake. Kinachosikika ni kinyume: mara nyingi anajishusha, anaacha nafasi, na Fountain anapoingia kwa sauti yake nzito ya kuparuza, wimbo unahamia mikononi mwake. Nyimbo za kijana zinaimbwa na watu ambao wamezilipia miaka sitini. Wazee wanaudhamini ushuhuda ambao mtunzi mwenyewe, kwa umri wake na njia yake, asingeweza kuutoa peke yake.

Kwa hiyo kukataa kwa Fountain miaka ya 1950 na kukubali kwake miaka ya 2000 havipingani. Wanaoona kwamba alilegea uzeeni hawajatazama alichokataa. Aliombwa kubadilisha anayeimbiwa, akakataa. Hakuna mahali ambapo aliahidi kutoimba nyimbo zilizoandikwa na watu wa dunia, au kutosimama na gitaa la umeme, au kutokaa jukwaani na mtu wa souli. Zaidi ya hapo, kule kukataa ndiko kulikompa uhuru alioutumia baadaye. Mtu aliyeonyesha kwa miongo mitano kwamba hanunuliki anaweza kuchukua wimbo wa Prince na asishukiwe. Kijana asiye na historia hiyo akifanya hivyo hivyo, shaka ina haki yake. Ukali wa ujana wa wazee hao ulikuwa akiba, na uzeeni waliitumia.

Kuna pingamizi ambalo halipaswi kufichwa. Spirit of the Century ilitolewa na Real World, kampuni ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, na kuanzia hapo hadhira kubwa ya Blind Boys ikawa ya watu wa matamasha na kumbi za sanaa, wengi wao weupe, wengi wao wasiokanyaga kanisani. Tayari mwaka 1983 kundi lilikuwa limeingia katika tamthilia: The Gospel at Colonus, iliyoonyeshwa Brooklyn, ilisimulia kisa cha Oedipus kwa umbo la ibada ya Kipentekoste, na waimbaji hao wasioona wakamwimba kwa pamoja mfalme kipofu wa Ugiriki. Ni kazi nzuri sana. Ni ibada pia? Muumini mkali angesema kwamba watu wanapolipa kiingilio ili wafurahie namna wengine wanavyoabudu, ibada imekuwa maonyesho, na kwamba Harper, kwa nia njema kabisa, aliongeza idadi ya watazamaji bila kuongeza idadi ya waabudu. Pingamizi hili lina uzito kuliko malalamiko yote kuhusu gitaa na mahadhi. Haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu tuzo, ingawa kundi lilipata Grammy nne kwa miaka minne mfululizo, kuanzia 2002 hadi 2005.

Linaweza kujibiwa kwa sehemu. Injili haikuwahi kuwa na hadhira ya waumini watupu; hata kanisani huingia wachumba, wadadisi na waliobeba maiti. Na dini ya Kikristo, kwa hesabu yake yenyewe, ilikwenda sokoni tangu mwanzo: Paulo alihubiri Athene kwa watu waliokuja kusikia jambo jipya tu. Anayeimbiwa katika injili hakai kwenye viti. Mwimbaji anayelijua hilo anaweza kuimba mbele ya ukumbi usioamini na wimbo ukabaki ulivyo, mradi yeye asianze kuwaimbia wao. Hatari iko katika neno hilo la mwisho. Makofi hufundisha polepole, na mwimbaji asiye na mtu wa kumrudisha hujikuta siku moja akiinua mikono kwa sababu watu hupiga kelele anapoinua. Katika kundi la Talladega kila mwimbaji alikuwa na wenzake wa tangu utotoni wa kumrudisha. Mwanamuziki anayesimama peke yake mbele ya kipaza sauti hana kinga hiyo, na hiyo ni hoja moja zaidi ya vijana kuimba pamoja na wazee badala ya kuwaiga tu.

Tarehe 12 Oktoba 2004 Harper na Blind Boys waliimba nyimbo hizo katika ukumbi wa Apollo, Harlem, na onyesho hilo likatolewa mwaka uliofuata. Apollo ni nyumba ya dunia kwa kila kipimo, mahali palipowafungulia njia nyota wa jazi na souli. Lakini ni humo humo makundi ya injili yalipojaza viti katika miaka ya 1950. George Scott alifariki mwezi Machi 2005. Fountain aliacha safari kwa ajili ya maradhi na kufariki mwaka 2018. Jimmy Carter aliendelea mpaka mwaka 2023, alipostaafu.

Kilichofanyika mwaka 2004 hakiwezi kugeuzwa kanuni kwamba injili na souli ziruhusiwe au zikatazwe. Ruhusa ya wazee hao ilikuwa yao, na waliipata kwa kukataa mara moja, wakati kukataa kulikuwa na hasara. Kamati ya kwaya inayoketi leo kuamua kama kijana wa muziki wa dunia ashiriki katika albamu ya kanisa itafanya vyema kuacha kujadili ngoma na gitaa, na kuuliza kwanza iwapo wazee wake wenyewe wamewahi kukataa kitu.